Kipande cha Tano

Ukimwona mtu anakata kitabu kipya kwa kisu utasema amerukwa na akili, na pengine hutakosea sana. Lakini fundi Wepukhulu alikata vitabu sita vya namna hiyo, vyote vya hadithi moja, na wenzake wanne walisimama wakimtazama kama watoto wanaongoja nyama igawanywe. Hawakuwa na njia nyingine. Kila kitabu kiliagizwa Nairobi kwa shida, nakala moja tu, nene kama tofali, na wasomaji walikuwa watano wenye njaa moja. Kungoja mmoja amalize kurasa mia saba ndipo mwenzake aanze? Wangeng'oana macho kabla ya sura ya tatu.

Basi wakajiwekea utaratibu. Wepukhulu, aliyekuwa fundi wa kupiga chapa mjini, alikigawa kitabu vipande vitano, akakivika kila kipande karatasi ya kaki na kukiandika namba. Wakapiga kura nani atangulie. Kila Jumamosi saa nne asubuhi walikutana kwenye duka la Mzee Ephantus Ng'ang'a mtaani Kapsoya, mjini Eldoret. Kila mtu akaweka juu ya kaunta kipande alichomaliza, na Ephantus akampa kinachofuata. Hakuna kipande kilichotoka mkono kwa mkono bila kupita kwenye kaunta ile, na mzee alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko alivyokuwa mkali kwa mizani yake ya sukari. Sheria nyingine ilikuwa moja: asiyesoma hasimuliwi. Aliyetangulia afunge domo lake. Wote wakishamaliza, Ephantus, ambaye pia aliuza magunia, alivishona vipande pamoja kwa sindano ya gunia, na hapo ndipo walipokaa kutwa nzima kukijadili kitabu mpaka sauti zikawakauka.

Hadithi yenyewe waliiita Ziwa Kavu. Ilihusu nchi ambayo haipo, yenye ziwa lililokauka na mji mmoja kando yake, na ndugu wawili: Saruko, mlinzi wa lango, na mdogo wake Lemi, mpiga baragumu. Ukiwasikia watu wazima hawa wakibishana kuhusu Saruko ungedhani ni jirani yao anayeidai serikali shamba. Na kwa kuwa Ephantus alikuwa na mdogo wake, Kinyanjui, mkulima wa Kiplombe mwenye kelele na kicheko kikubwa, haikuchukua muda wenzao wakaanza kumwita mzee Saruko na mdogo wake Lemi. Kinyanjui alilipenda jina hilo. Alikuwa akifika dukani anapuliza baragumu kwa mdomo, wateja wakashtuka.

Wa nne alikuwa Cate, mke wa Kinyanjui, ambaye watu walimwita Mama Warigia kwa jina la mtoto wake. Wa tano ni Akello Obonyo, mwalimu wa sekondari, mtu wa Siaya aliyehamia Eldoret akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Kisa hiki ni chake, ingawa angetoa chochote kisiwe chake.

Kitabu cha sita, cha mwisho, kilifika Novemba mwaka wa 2007. Walikuwa wamekingoja miaka mitatu. Kura ilimwangukia Kinyanjui, akafuata Akello, kisha Ephantus, kisha Cate, na maskini Wepukhulu akawa mkia. Kufikia Jumamosi kabla ya Krismasi Kinyanjui alikuwa ameondoka dukani na kipande cha tano kifuani, akiringa. Mkewe alisema baadaye kwamba alikilalia chini ya godoro upande wake, ili hata yeye asichungulie. Akello alipewa cha nne, Ephantus akabaki na cha tatu.

Jumamosi iliyofuata hawakukutana. Kura za nchi zilikuwa zinahesabiwa, maduka yalifungwa, watu walisimama vikundi vikundi na redio mikononi. Jumapili jioni matokeo yakatangazwa, na kabla ya giza moshi ukaanza kupanda upande wa mashambani, nyumba za Wakikuyu zikichomwa.

Jumatatu saa tano asubuhi Ephantus aliingia kwa Akello kwa mlango wa nyuma, bila viatu, shati limechanika begani. Duka lake lilikuwa limevunjwa. Alikuwa ameleta pikapu yake alfajiri, wakaisukuma nyuma ya nyumba ya Akello na kuifunika kwa karatasi ya nailoni na mabua ya mahindi. Sasa alijileta mwenyewe.

"Mwalimu, wakinikuta hapa watakuchoma na wewe," alisema.

"Ingia ndani, Mzee. Mambo mengine tutajua mbele."

Alimweka katika kile chumba kidogo kati ya jikoni na chumba cha kulala, alimokuwa akiweka mkaa na vitabu. Hakikuwa na dirisha. Akasogeza kabati la vyombo mbele ya mlango, akaacha upenyo wa kupitisha mkono.

Saa saba walikuja. Watu kumi na wawili, Akello aliwahesabu kupitia pazia, na aliyewaongoza alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa likiwaka. Aligonga geti kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Akello.

"Habari ya hapa, Mwalimu. Tunatafuta yule jamaa wa duka."

"Duka si mmelivunja? Mnanitafutia mimi nini?"

"Tumesikia anakufahamu."

"Kapsoya yote inamfahamu. Alikuwa anatuuzia sukari."

Mtu yule alimtazama. "Jina lako lile lingine ni nani?"

"Obonyo. Akello Obonyo."

"Kwenu?"

"Siaya."

Mmoja wa wale waliosimama nyuma akamsemesha kwa Kijaluo, swali la kipuuzi tu, ng'ombe anaitwaje. Akello akajibu. Aliona aibu kujibu, nataka hilo lijulikane; aliona aibu kwamba neno moja la nyumbani kwao lilimfungulia njia ambayo lingemfungia mtu aliyekuwa hatua kumi nyuma yake. Lakini alijibu.

"Na ile imefunikwa pale?"

"Ni pikapu ya shule. Haina betri. Mnataka kuibeba mgongoni?"

Walicheka. Mwenye koti la mvua hakucheka. "Tutarudi," alisema, wakaenda nyumba ya pili.

Akello alirudi ndani, akakaa chini sakafuni mbele ya kabati. Akamwambia mzee waliyoyasema. Ndipo simu ikalia humo ndani, na Akello akasikia maneno yote, maana Kinyanjui hakuwahi kujua kuzungumza polepole hata kwenye simu.

"Wako kwa jirani wa tatu! Leta gari, Saruko, leta gari sasa hivi!"

"Nakuja," Ephantus alisema. "Ningoje hapo langoni."

Kutoka Kapsoya mpaka Kiplombe ni kuvuka mji mzima, na siku hiyo kila njia panda ilikuwa na mawe, magogo, na matairi yanayowaka. Mtu mwenye jina la Kikuyu kama Ng'ang'a kwenye kitambulisho asingepita hata kizuizi cha kwanza. Akello alijua hivyo. Ephantus naye alijua.

"Nipishe, Mwalimu," alisema kupitia upenyo. "Ondoa kabati. Ndugu yangu ananingoja."

"Mzee, hutafika."

"Si ndiyo nife nikienda?"

"Na ukifa, yeye atakuwa ameokoka?"

Akello alitafuta la kumwambia, na mkono wake ukagusa kipande cha nne kilichokuwa juu ya kabati. Mtu mwingine angetafuta Biblia. Yeye alikamata kile kipande, akamwambia mzee, "Ngoja dakika kumi tu wapite mtaa huu. Nikusomee," na akaanza kusoma kurasa zake za mwisho kwa sauti ya chini, akivunja sheria ya chama kwa mara ya kwanza katika vitabu sita.

Ajabu ni kwamba mzee alinyamaza akasikiliza. Katika kile kipande maadui wameingia mjini, na mwanamke mmoja mzee amemficha Saruko ndani ya kisima kikavu. Lemi yuko ng'ambo, langoni, peke yake. Anapuliza baragumu kumwita kaka yake. Analipuliza mara ya pili. Akello aliposoma hapo simu ya Ephantus ikalia tena.

"Uko wapi?" sauti ya Kinyanjui iliuliza. Haikuwa na kicheko hata kidogo. "Mama Warigia ametoka na mtoto, jirani amewapitisha shambani. Mimi nimebaki nikungoje. Uko wapi?"

"Nakuja, nakuja."

Akello alisoma mistari iliyobaki. Baragumu lililia mara ya tatu, na Saruko akashika kamba ya kisima. Hapo ndipo kipande cha nne kinapoishia.

"Alitoka?" Ephantus aliuliza. "Niambie mwisho, Mwalimu. Alitoka, hakutoka?"

Hapa ndipo ningependa msomaji amwonee Akello huruma kabla hajamhukumu. Aliwaza barabara, aliwaza matairi, aliwaza lile koti la mvua. Akafungua kinywa, na uongo ukatoka umenyooka kama kweli.

"Hakutoka. Nimeshasoma. Aliachia kamba, akakaa. Na Lemi alipoona haji akapita njia ya mtoni, akaokoka. Walikutana asubuhi, wote wawili wazima. Wakapanda miti pale palipochomwa."

"Walikutana?"

"Walikutana, Mzee."

Simu ililia tena, mlio mmoja, wa pili, kisha ikakatika.

"Betri imeisha," Ephantus alisema.

Hakuomba tena kabati liondolewe. Jumanne asubuhi lori la askari lilipita Kapsoya likiokota watu, akapanda akiwa amejifunika shuka la Akello. Mwili wa Kinyanjui waliuokota siku hiyo hiyo, mbele ya lango la shamba lake.

Basi huo ndio mzigo aliobeba Mwalimu Akello. Alifundisha nao, akalala nao, akaamka nao. Kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, katika uwanja wa maonyesho, ambako Cate na mzee walikaa chini ya hema moja miezi mitano, alikwenda kila wiki na unga na sabuni. Alipeleka na kipande cha nne. Vipande vya kati, cha pili alichokimbia nacho Cate na cha tatu kilichobaki ndani ya pikapu, vilizunguka humo kambini, kwa sababu mtu aliyepoteza kila kitu bado anataka kujua hadithi inaendaje. Na cha tano, kila mmoja alisema kimeungua Kiplombe, na hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini Cate aliacha kumwamkia Akello. Ephantus alikuwa amemwambia, "Mwalimu alinifungia mlango, nisingeweza kutoka." Akello alilisikia hilo akaliacha lilivyo. Heri alaumiwe kwa kabati. Kabati ni kitu cha mbao, linasameheka. Lakini siku mzee akijua kwamba aliachia kamba kwa sababu ya maneno aliyoyatunga mtu papo hapo, atamtazama kwa macho gani? Hiyo ndiyo siku aliyoiogopa. Mara mbili Wepukhulu alitaka waagize nakala nyingine, na mara mbili Akello akatafuta sababu ya kukataa. Ephantus naye alisema, "Tutasoma chetu au tusisome," na Akello akashukuru bila kujiuliza kwa nini mzee aseme hivyo.

Ephantus alirudi Kapsoya akafungua duka jingine, nusu ya lile la kwanza. Cate alienda kwa wazazi wake, Nyahururu. Miaka miwili ikapita. Kisha Aprili ya mwaka wa 2010, simu ya Cate ikamfikia Wepukhulu: "Itisha kikao. Nina cha tano."

Walikutana dukani Jumamosi saa nne, kama zamani. Nje mvua ilikuwa ikitishia na watu walikuwa wakikimbiza mbolea mashambani. Ephantus alifunga nusu ya mlango, akapanga vipande vinne juu ya kaunta, na kando yake akaweka kamba na sindano ya gunia. Wepukhulu alileta maandazi. Alikuwa na furaha ya kweli, peke yake kati yao, kwa sababu yeye hakuwa na dhambi yoyote isipokuwa hamu ya kuusoma mwisho.

Cate aliingia amevaa nyeusi. Hakuketi. Alitoa mkobani kipande kilichovaa karatasi ya kaki, kona moja imelowa zamani ikakauka, akakiweka mbele ya Akello.

"Nimeleta zamu yako," alisema. "Marehemu alikichomoa chini ya godoro akakifunga kwenye shuka la mtoto. Akaniambia, mpe Mwalimu, ni zamu yake. Hayo ndiyo aliyoniagiza nikitoka mlangoni. Watu wanaachiwa wosia wa shamba, mimi niliachiwa huu."

Akello hakuweza kukigusa. "Mama Warigia, kwa nini hukusema..."

"Nilikuwa nakisoma. Nimekisoma mara nne. Leo nataka tukisome sote, halafu tukijadili. Si ndiyo kazi ya chama?"

"Tungekiacha," Akello alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Please. Mambo yameshapita. Tuongee mengine."

"Mwalimu!" Wepukhulu alimaka. "Six books! Unataka nizeeke bila kuusoma mwisho?"

"Asome," Ephantus alisema. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, anazitazama kamba zake.

Cate akasoma akiwa amesimama. Alisoma vizuri, bila haraka. Saruko hakuachia kamba. Alipanda akatoka kisimani, mwanamke mzee akimlilia asiende. Akapita mji unaowaka akikimbia, akamkuta Lemi langoni, ameshika baragumu lililopasuka. Lemi akamwambia, Umechelewa. Saruko akajibu, Lakini nimekuja. Ndugu hao walilishikilia lango mpaka watu wa mji walipokwisha kuvuka, wakafa pale pale, na usiku huo maji yakarudi ziwani.

Wepukhulu alikuwa wa kwanza kusema. "Haiwezekani! Anamuua kwa kurasa nne? Tumemlea Saruko vitabu sita, halafu anakufa kama karani? Huyo mwandishi alichoka tu. Alitaka tulie, basi."

"Ni mwisho mzuri," Cate alisema.

"Mzuri wapi, Mama Warigia? Wote wamekufa!"

"Ndugu yake alikuja."

"Alikuja akafa. Angebaki kisimani angekuwa mzima."

"Mzima wa kufanya nini?" Cate aliuliza, akimtazama Akello badala ya Wepukhulu. "Fundi, hebu fikiria. Anatoka kisimani asubuhi, mji umeungua, mdogo wake yuko langoni na baragumu mkononi. Anamwambia nini? Habari ya asubuhi?"

Wepukhulu alishusha andazi. Ni mtu mwema, lakini wema hauzuii mtu kuropoka. Aligeuka kwa Ephantus. "Lakini Mzee, si wewe uliniambia Saruko hakutoka? Ulisema Mwalimu alikisoma, kwamba walikutana asubuhi, wakapanda miti..."

Hakumaliza. Nje matone ya kwanza yalianza kupiga mabati.

"Miti?" Cate alisema taratibu. "Humu hamna miti. Mwalimu, hiyo miti uliisoma wapi?"

Akello alitazama kaunta, alitazama mlango uliofungwa nusu. Angeweza kusema alikosea. Angeweza kusema mzee alisikia vibaya. Mzee alikuwa na umri, nani angebisha? Alichoka. Alichoka kabisa na yule mtu aliyekuwa akijificha ndani yake kwa miaka miwili.

"Sikuisoma popote," alisema. "Nilitunga. Alikuwa anataka kutoka, na mimi sikuwa na nguvu za kumshika. Nikamwambia Saruko alibaki na Lemi akaokoka. Sikumfungia mlango, Mama Warigia. Nilimfungia kwa hadithi."

"Kwa hadithi." Cate alirudia neno hilo kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. "Mimi nimelichukia kabati lako miaka miwili. Kumbe ni hadithi. Mume wangu amesimama langoni, na wewe uko jikoni unatunga miti."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulimuua kwa mdomo."

"Hapana," Ephantus alisema.

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba mvua nusura imfunike. Akainuka kutoka kwenye gunia, akaja mpaka upande wake wa kaunta, pale alipozoea kusimama Jumamosi zote.

"Mama Warigia, kipande cha tano hakikurudi hapa." Akaweka kiganja juu ya mbao. "Jumamosi ile hatukukutana. Cha tano kilikuwa kwenu, kwa marehemu. Kila kipande kimepita mkononi mwangu. Mwalimu angekisomea wapi?"

Akello alimkodolea macho. Kwa hofu ya siku ile, na kwa miaka miwili ya kuitafuna siku hiyo hiyo, hakuwahi hata mara moja kukumbuka kaunta.

"Nilijua anatunga kabla hajafika kwenye hiyo miti," mzee aliendelea. "Nilimuuliza nikijua hajui. Nilitaka mtu aniambie kaa. Mtu yeyote. Ningekuwa na mbuzi humo ndani ningemuuliza mbuzi. Lile kabati ningelisukuma kwa bega moja. Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye mfuko wangu wa shati. Na simu, betri haikuisha. Nilizima. Ililia mara ya tatu nikaangalia jina lake, nikazima. Niliogopa. Halafu nikakuambia Mwalimu alinizuia, na Mwalimu akakubali kubeba, na mimi nikamwachia abebe. Nimekula unga wake kambini nikiwa nimemtwika mzigo wangu."

Wepukhulu alikuwa analia waziwazi, andazi mkononi. Akello hakulia. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa gunia la mahindi begani ghafla, akayumba, na hapo hapo akaona hasira inampanda, hasira ya usiku wote ule aliokesha. Alitaka kumpiga yule mzee. Alitaka pia kumshika mkono, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Cate alisema bila kupaza sauti.

"Alikuwa amefungua lango. Nilipogeuka kule shambani nikamwona analifungua pande zote mbili, anaweka mawe zisijifunge na upepo. Ili pikapu ikifika isisimame. Nikamwita, twende. Akaniambia, nenda, Saruko amesema anakuja."

Akamgeukia Ephantus.

"Kama ungesema huji," Cate alisema, "angenifuata. Kuogopa ningekuelewa. Mimi mwenyewe nilikimbia. Lakini ulimwambia unakuja."

"Mara mbili," mzee alisema.

Wepukhulu, ambaye hakujua kukaa na kimya, alijaribu kukamata kitu cha kazi. Akavipanga vile vipande vinne, akavigongagonga kaunta vikae sawa. "Basi tushone," alisema kwa sauti iliyokatika. "Si ndiyo utaratibu? Tumemaliza wote. Mzee, tushone."

Alinyoosha mkono achukue cha tano. Cate akakiondoa. Akakifunika vizuri ile karatasi ya kaki, akakirudisha mkobani, akafunga zipu.

"Hiki hakishonwi."

"Mama Warigia, ndio mwisho wa kitabu," Wepukhulu alisema.

"Najua. Humu ndugu yake alikuja. Nitakaa nacho mimi."

Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Akello. Akello alingoja kofi, au neno. Cate alimpa mkono tu, mkono baridi, akaushikilia kidogo kuliko inavyohitajika kwa salamu, kisha akajitanda leso kichwani akatoka kwenye mvua. Hakumpungia Ephantus.

Mzee alichukua sindano. Alijaribu kupitisha kamba kwenye tundu mara tatu, ikamshinda, Akello akamnyang'anya akaipitisha yeye. Hakumtazama usoni alipomrudishia. Ephantus akashona, mshono baada ya mshono, akivuta kamba kwa meno kama alivyozoea, mpaka vile vipande vinne vikashikamana. Kisha akakiweka kitabu juu ya kaunta. Kilikuwa chembamba kuliko vile vitano walivyovishona zamani, na kiliishia pale Lemi anapopuliza mara ya tatu na Saruko anashika kamba.